Bweni Nyuma ya Nyumba Yetu

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, aliingia kwenye bodi ya shule bila kupigiwa kura hata moja, na hilo halikumzuia kuvimba kichwa. Kiti kilikuwa wazi na wa kukigombea hakuna. Kwa sheria za Texas, wagombea wasipokuwa na wapinzani hutangazwa washindi na uchaguzi wenyewe unafutwa, kwa hiyo siku ambayo watu wangepiga kura sisi tulishinda nyumbani tukikata nyasi. Jioni alipiga simu Nyeri kwa ndugu zake, akapiga Grand Prairie kwa watu wa kanisa, akapiga Houston kwa rafiki yake wa chuo. Kwetu Kenya mtu wa bodi ya shule ni mtu mkubwa. Hupewa kiti cha mbele na soda, na wanafunzi humwimbia. Nilimwacha aongee. Mimi nilikuwa nimewaona wajumbe wenzake kwenye duka la chakula cha mifugo, wakibeba magunia yao wenyewe, na hakuna aliyekuwa akiimbiwa.

Tulikuwa tumehamia huko kutoka Grand Prairie miaka miwili nyuma, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kwa sababu mzee alichoka kuishi kwenye fleti na kusikia choo cha jirani kikivutwa. Alitaka shamba. Mkenya akikaa Marekani muda mrefu bila kipande cha ardhi huanza kuugua, na wa kwangu alikuwa anaumwa kweli. Tukapata ekari chache kusini mwa Fort Worth, mwendo wa saa nzima kutoka kazini kwetu, mahali penye maduka mawili, makanisa matatu na tangi la maji lililoandikwa jina la timu ya shule. Nilikuwa muuguzi hospitalini Fort Worth na mzee alikuwa msimamizi wa ghala Grand Prairie. Watoto wetu wawili walilia siku tuliyohama, halafu wakapata mbuzi, wakanyamaza.

Niseme kidogo jinsi shule za huko zinavyoendeshwa, maana mimi mwenyewe nilichukua muda kuelewa. Wilaya ya shule haiko chini ya mtu yeyote wa kaunti. Ni serikali ndogo inayojitegemea, yenye mipaka yake na kodi yake, na wakubwa wake ni majirani saba wanaochaguliwa na wenzao na hawalipwi hata nauli. Hao saba humwajiri mkurugenzi, na mkurugenzi huajiri wengine wote. Yetu ilikuwa na shule ya msingi na ya sekondari katika ua mmoja. Mkurugenzi aliendesha basi asubuhi, akafundisha historia kukiwa na upungufu, na siku za mechi alichora mistari ya uwanja mwenyewe. Timu yao ya mpira wa Kimarekani ilikuwa ya watu sita, kwa kuwa kumi na mmoja hawakupatikana.

Pesa zilitoka kwenye mifuko miwili. Mmoja ni kodi ya ardhi na majengo, na huo ulikuwa mwembamba, kwa sababu kila mtu pale alikuwa na ng'ombe wa kuonyesha kwamba ardhi yake ni malisho, na malisho hayatozwi sana. Sisi pia tulifuga mbuzi kwa sababu hiyohiyo, tusijitie watakatifu. Mfuko wa pili ni wa jimbo, na jimbo hulipa kwa vichwa: watoto wangapi walikuwa wamekaa darasani mwalimu alipoita majina asubuhi. Mtoto akiwa na homa, shule inapoteza. Akihama, shule inapoteza zaidi. Nilipoelewa hivyo ndipo nikajua kwa nini mkurugenzi alikuwa akisimamisha basi na kwenda kugonga mlango wa mtu aliyechelewa.

Kikao cha kwanza cha mzee nilikwenda kumsindikiza. Kilifanyika maktaba, kwenye meza za wanafunzi, na hao watu wazima walikaa magoti yamefika kifuani. Mwenyekiti alikuwa mfugaji, jirani yetu wa upande wa pili wa uzio, mtu mkimya ambaye majira yetu ya kwanza ya baridi alikuja na trekta akatutoa kwenye matope bila kuitwa. Alisema wazi kwamba sekondari inaishiwa na watoto. Vijana wanaoa na kuhamia mjini, wazee ndio wanaobaki. Mji wa jirani uko tayari kuwachukua wanafunzi wetu wa sekondari. Tungejaribu mwaka mmoja zaidi, na majira ya kuchipua, kabla ya mikataba ya walimu kuandikwa upya, bodi ingepiga kura kuifunga au kuiacha.

Mzee wangu akainua mkono. Akapendekeza harambee. Akawaeleza vizuri kabisa, mgeni rasmi, kuku wa mnada, watu wa kanisa letu waje na magari. Nilitaka kujificha chini ya meza, lakini wao hawakucheka. Wana maonyesho yao ya mifugo ambapo mwenye duka hununua nguruwe wa mtoto wa jirani kwa bei ya kichaa, na nguruwe mwenyewe hata hamchukui, kwa hiyo walimwelewa mara moja. Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba pesa ya siku moja haimlipi mwalimu kila mwezi. Tunachokosa hapa, akasema, ni watoto.

Mzee aliendesha gari kurudi nyumbani bila kuwasha redio. Kesho yake, tukiwa jikoni, akaniambia, "Wanataka watoto. Watoto tunao."

"Tunao wawili," nikamwambia.

"Si hao. Wale wa Grand Prairie. Wazazi wana-work double, watoto wanashinda kwa apartment na TV. Tuwalete hapa wakae weekdays, Friday nawarudisha. Si sisi wote tulisoma boarding?"

"Na matron atakuwa nani?"

Akageuka akawa anaangalia mbuzi dirishani.

Mmarekani asingewaza jambo hilo. Kwao mtoto kulala mbali na mama yake ni adhabu au ni msiba. Kwetu sisi ndiyo elimu yenyewe. Mtu akikuambia alisoma shule ya kutwa unamwonea huruma kidogo. Mzee alipolitangaza kanisani, wazazi walimzunguka kama watu waliosikia kuna kazi. Bweni, tena la bure, tena Marekani. Mkurugenzi alisema mzazi akituachia ulezi kwa karatasi aliyoiapia mbele ya wakili, mtoto anahesabiwa kuwa mkazi. Bodi ikapitisha bila swali. Mwenyekiti hata alitabasamu.

Mzee akaigeuza gereji ya bati iliyokuwa nyuma ya nyumba. Akaweka sakafu ya mbao na vitanda vya ghorofa alivyovinunua kwenye kambi ya kanisa iliyokuwa inafungwa. Wavulana wakalala huko, wasichana wakajaza vyumba vya ndani, na binti yetu akahamishiwa kwenye kochi. Wengi walitoka Grand Prairie, na wawili, ndugu, walitoka Sharpstown kule Houston, ambako mama yao alikuwa muuguzi peke yake na alichoka kusikia ving'ora. Nikahamishia zamu zangu wikendi ili nipike siku za shule. Sikuulizwa. Nilipika sufuria za ugali za kulisha kijiji, nikakagua nywele na kucha, nikawa matron kweli, na matron mkali. Mzee alipata kengele ya ng'ombe akawa anaigonga alfajiri akitembea kwa madaha katikati ya vitanda, mtu aliyeshindwa kuamka mwenyewe maisha yake yote.

Wa mwisho kuletwa alikuwa msichana Mkongo wa miaka kumi na sita. Baba yake alitoka Bukavu, alifanya kazi ya kupakia makontena usiku, na alikuwa hana kibali cha kudumu. Kesi yake ya kuomba hifadhi ilikuwa bado kwa hakimu. Alisimama mlangoni kwetu na kofia mkononi, hakutaka kukaa.

"Mama, huyu ni mtoto yangu ya kwanza," aliniambia. "Ile masomo ya mu ville wanafunzi ni wengi sana, hakuna mwenye anamujua. Papier zetu zingali kwa juge, tunangoya tu. Sina kitu ingine ya kumupatia. Asome."

"Atasoma, baba," nikamjibu. "Hapa watamjua hata asipotaka."

Na walimjua. Kwenye shule ya mjini alikuwa amekaa nyuma ya darasa miaka miwili akitikisa kichwa kila mwalimu alipomwangalia, na wakadhani anaelewa. Kwetu darasa lake lilikuwa na watoto kumi na wanne. Mwalimu wa sayansi, mama mzee aliyefundisha pia hesabu na kukata tiketi langoni siku za mechi, aligundua wiki ya kwanza kwamba msichana anasoma maneno bila kuyaelewa. Akaanza kula naye chakula cha mchana kila siku, kitabu katikati ya sahani zao. Kufikia Krismasi msichana alikuwa anabishana na watoto wangu kwa Kiingereza. Alianza kuniuliza habari za hospitali, sindano zinawekwaje, mtu anasomea wapi. Mimi aliniita Maman, na mzee alimwita Papa, na mzee alipenda sana, akajifanya hapendi.

Mwanzoni watu wa pale walitupokea kuliko nilivyotarajia. Katika ule mpira wa watu sita, kuupiga mpira teke ukapita kati ya nguzo baada ya goli kunaleta pointi zaidi kuliko kuukimbiza, kwa kuwa ni wachache wanaoweza. Sasa sisi kule bwenini tulikuwa na kijana wa Kikongo aliyekuwa akipiga teke tangu alipojua kusimama. Ijumaa ya mechi ya kwanza wazee wenye kofia pana walisimama kwenye mabenchi wakampigia makofi, na mwenyekiti alikuja kumshika mzee bega. Wazazi walikuwa wamekuja na magari kuwachukua watoto wao kwa wikendi, wakakaa mpaka mwisho. Nilifurahi usiku ule, sitaki kusema uongo.

Baridi ilipoingia maneno yakaanza. Bibi mmoja aliyekuwa akituuzia mayai aliniambia dukani kwamba amesikia tunalipwa kwa kila mtoto. Nikacheka, nikamweleza kuwa anayelipwa ni shule, na kwamba mimi ninanunua unga kwa pesa yangu. Akanitazama akasema, basi kuna mtu anayelipwa. Halafu paa la sekondari likaanza kuvuja, na mkurugenzi, ambaye alikuwa mkweli mpaka inakera, akatangaza kwamba vichwa vya watoto vinatosha kuwaweka walimu lakini si kuweka paa. Kodi ya ardhi ingebidi ipande kidogo. Toka siku hiyo mazungumzo yakabadilika. Watu waliolia mwaka uliotangulia kwamba shule waliyosoma inakufa, sasa waliuliza kwa nini walipie paa la watoto wa Grand Prairie. Hawakusema kwa ukali, na hilo liliniudhi zaidi. Walisema kwa sauti ya mtu anayekuomba chumvi.

Mzee alihesabu kura zake kila siku kwa vidole akila. Wajumbe watatu walikuwa wanataka kufunga, akiwemo mwenyekiti, aliyesema ana huruma lakini anaona mbele. Watatu walikuwa wanakataa. Wa saba alikuwa yeye. "Iko sawa," alikuwa akiniambia. "Four-three. Shule inabaki." Aliwaambia watoto pia. Alimwambia yule msichana kwamba mwaka ujao atamaliza kidato cha mwisho palepale, na kwamba yeye kama mjumbe wa bodi ndiye atakayemkabidhi cheti jukwaani, kwa kuwa hiyo ndiyo desturi yao. Msichana alilichukua hilo kama ahadi. Na ilikuwa ahadi.

Siku ya kura maktaba ilijaa mpaka watu wakasimama kati ya rafu. Kila aliyetaka kusema alipewa dakika tatu. Mwalimu wa sayansi alisema, akashindwa kumaliza, akakaa. Mwanaume mmoja aliyevaa kofia ya kampuni ya mbegu alisema hawa ni watoto wazuri, hana neno nao, lakini si wetu. Watu wakaguna kwa kukubali. Yule msichana alikuwa amekaa ubavuni mwangu, na kabla sijamshika alikuwa ameshasimama. Alisema kwa Kiingereza chake kipya kwamba darasa lao lina watu kumi na wanne na walimu wanajua akiwa mgonjwa. Alisema angependa kumaliza hapa. Akasema asante, akakaa. Hata dakika moja haikuisha.

Mwenyekiti akaomba wanaotaka kufunga sekondari wainue mikono. Akainua wake. Wakainua wale wawili. Nikawa ninavuta pumzi, tayari kumshika msichana mkono tusherehekee, na hapo mzee wangu, mwisho wa meza, akainua mkono. Aliuinua nusu, kiwiko kimekaa juu ya meza, akiangalia mbele.

Msichana akanishika mkono wa gauni. "Maman, Papa hakusikia swali," alininong'oneza. "Umuambie. Hakusikia swali."

Mimi pia nilidhani hivyo kwa muda, kwa kuwa maana nyingine ingekuwa mbaya mno. Lakini mwenyekiti aliuliza tena kwa ajili ya kumbukumbu, kila mmoja kwa jina, na mzee alipofikiwa alijibu ndiyo kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni. Wanne kwa watatu. Mwalimu wa sayansi akaweka kichwa chini. Kuna mtu nyuma yangu aliyesema, ona, hata wao wenyewe hawaitaki.

Ndani ya gari la kurudi msichana alikaa nyuma kabisa, uso kwenye kioo, na tulipofika alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Mimi sikumpa mzee nafasi ya kunikaribia. Nililala na binti yangu kwenye kochi.

Asubuhi, watoto walipokwisha kupanda basi, nilimfuata kwenye zizi la mbuzi. Nilikuwa nimejiandaa na matusi ya lugha zote ninazozijua.

"Jana umetufanya nini?" nikamwuliza.

Hakuacha kumwaga chakula. Aliniambia kwamba juzi, nikiwa kazini, mwenyekiti alikuja na gari lake akasimama penye uzio. Alimwambia kuna mtu mmoja wa pale aliyeapa kwamba shule isipofungwa, atapiga simu kwa watu wa jimbo waje waone watoto wa kigeni wanaolazwa kwenye gereji bila leseni. Wakija wangemhoji mtoto mmojammoja, halafu wangewaita wazazi. Mwenyekiti hakumtaja huyo mtu. Alisema tu kwamba anamfahamu na kwamba atafanya. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatuonya au anatutisha. Labda hata yeye hakujua.

"Wacha waje," nikasema. "Wazazi ni manurse, wana papers. Kuna nini cha kuficha?"

"Si wote," akasema. "Yule baba wa Bukavu ako kwa judge. Ame-sign na kiapo kwamba mtoto anaishi hapa, na kila Friday mtoto ako Grand Prairie. Judge akisikia hiyo, atasema nini kuhusu zile zingine alizoapa? Za vita? Za ndugu zake?"

Nikazidi kukasirika.

"Si ungekataa tu kupiga kura. Unge-abstain."

"Niki-abstain ni three-three. Motion inaanguka, shule inabaki, na simu inapigwa."

"Basi mwambie mtoto."

Hapo ndipo alipoweka ndoo chini. "Nimwambie nini, Mama? Kwamba shule imefungwa juu ya babake? Atabeba hiyo mpaka lini? Wacha anichukie mimi. Mimi ni mtu mzima."

Nilimwita mjinga. Nikamwambia bweni lilikuwa ujinga tangu mwanzo, harambee ilikuwa ujinga, shamba lenyewe lilikuwa ujinga, na yote niliyoyasema yalikuwa na ukweli kidogo, na hakuna lililosaidia. Halafu nililia nikiwa nimeshika mlango wa zizi, na yeye alisimama hapo na mavumbi ya chakula cha mbuzi mikononi, hajui aiweke wapi hiyo mikono. Aliniomba nisimwambie mtu. Sikumjibu, na kutojibu si kuahidi, ndiyo maana ninaandika.

Watoto walibaki mpaka muhula ulipoisha mwezi wa tano. Msichana alikula chakula changu, akaosha vyombo zamu yake ilipofika, akafanya mitihani yake vizuri. Mzee akiingia chumbani, yeye alitoka. Hakumwita Papa tena, hakumwita chochote. Siku ya kufunga, baba yake alikuja na gari la kuazima kumchukua, akatushukuru sana, akamkumbatia mzee mara mbili. Msichana alikuwa ameshakaa garini na mkanda amefunga.

Kijijini walisahau haraka jinsi kura nyingine tatu zilivyopigwa. Ikabaki kwamba Mwafrika ndiye aliyefunga sekondari. Waliosema hivyo kwa uchungu ni walewale wasiotaka kulipia paa. Dukani walimpa mzee chenji yake bila kumwangalia, na mwalimu wa sayansi, aliyehamia mji wa jirani na kustaafu mwaka huohuo, hakuwahi kupokea simu zangu. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyeendelea kumpungia mkono juu ya uzio. Muda wa mzee kwenye bodi ulipokwisha hakugombea tena, na aliyechukua kiti naye hakuwa na mpinzani, kwa hiyo uchaguzi ulifutwa tena. Watoto wetu walipanda basi refu kwenda mji wa jirani, wakirudi giza limeingia.

Miaka michache baadaye wakaja wachimbaji wa gesi. Kumbe tulikuwa tumekaa juu yake muda wote. Visima vya gesi hutozwa kodi kama majengo, na wilaya ileile iliyokuwa haina pesa ya paa ikapata pesa ya kutosha kuijengea shule ya msingi ukumbi mpya wa michezo wenye viyoyozi. Sekondari ilibaki imefungwa ng'ambo ya ua, madirisha yamepigwa mbao. Mzee alipoliona lile jengo jipya alisema tu kwamba rangi ni mbaya. Tuliuza shamba, tukahamia Missouri City karibu na dada yangu, na gereji tuliiacha na sakafu yake.

Habari za msichana nilizipata kwa vipande. Alirudi shule kubwa ya mjini, na majira ya baridi yaliyofuata akaacha, akaenda kupakia makontena pamoja na baba yake. Mwaka huohuo baba alishinda kesi yake. Nilimwambia mzee yote mawili kwa pamoja, nikidhani moja litapunguza lingine. Aliiacha chai yake ikapoa.

Tulionana naye tena kwenye harusi moja Houston, ya mmoja wa wale ndugu wa Sharpstown. Alikuwa mwanamke mzima, amehamia huko, anafanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, na alikuwa amempakata mtoto. Baba yake alikuwa kwenye meza yetu, amenenepa, ana suti, ni raia sasa, anasimulia kwa sauti jinsi hakimu alivyomwambia maneno yake yote yanaaminika. Msichana alinikumbatia muda mrefu. Aliniita Maman. Mzee wangu alikuwa amesimama na mkono mbele kumsalimia, na yeye akampita akavuta kiti akae karibu nami.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na kila neno tayari, na baba yake alikuwa palepale, angeweza kuthibitisha tarehe za kesi. Chini ya meza mzee akaukanyaga mguu wangu, akaukandamiza, hakuuachia. Mtoto alikuwa ananiangalia kwa macho makubwa. Nikamwuliza mama yake kama ameshaanza kutembea.